Tunashukuru, lakini

Haya jamani, nimerudi kutoka Kisaki, na leo sina habari za siasa. Nina deni.

Kwa wale mnaoijua Morogoro kwa dirisha la basi tu, mkipita Msamvu kwenda Iringa au Dodoma, Kisaki iko upande wa pili kabisa wa milima ya Uluguru. Unatoka mjini kwa barabara ya Bigwa, unapita Mkuyuni, Matombo, Mvuha, Dutumi na Bwakira, na unapoanza kuamini kwamba dereva amepotea, milima inakwisha, joto linaanza, unaikuta reli ya TAZARA. Ng'ambo kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Wenyeji ni Wakutu na Waluguru. Kuna wafugaji waliohamia na ng'ombe wao, na kuna watu waliokuja na reli wakabaki. Wanalima mpunga, mahindi na ufuta. Tembo wanawasaidia kuvuna, bila kuombwa.

Mara ya kwanza nilifika huko mwaka 2022, na wala sikwenda kama mwandishi wa gazeti. Nilikwenda kama kibarua. Asasi moja, jina naliacha, ilikuwa imechimba visima vya pampu katika vijiji kadhaa na ilihitaji mtu wa kuandika "hadithi ya mafanikio". Malipo ya siku tatu yalizidi nilichokuwa napata gazetini kwa mwezi, na mwenye nyumba wangu Sinza alikuwa ameshaanza kunisalimia kwa sauti ya madai. Nikakubali kabla hawajamaliza kusema. Masharti yalikuwa mepesi: maneno mia sita, picha tatu, mhusika awe mwanamke, ikiwezekana na mtoto, ikiwezekana akitabasamu.

Nikampata. Alikuwa mama wa makamo hivi, amekuja kisimani na ndoo yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, tukaanza kuzungumza. Nina kinasa sauti, kwa hiyo maneno yake ninayo mpaka leo jinsi yalivyotoka:

"Maji tunashukuru, lakini hiki kisima wamekiweka njia ya tembo. Asubuhi hatuji mpaka jua litoke. Halafu yana chumvi, ukiinjika maharage hayaivi, kuni zinakwisha. Tunafulia, tunaoshea vyombo. Ya kunywa tunafuata kulekule mtoni, mimi ndoo mbili kwa siku. Tuliwaambia wachimbe kule kwenye mwembe, wakasema gari la kuchimbia halifiki."

Na hivi ndivyo nilivyoandika mimi, msomi wa chuo kikuu, mwanachama wa chama cha waandishi: "'Maji tunashukuru,' anasema mama huyo, huku akitabasamu."

Basi. Nilikata kwenye mkato, kabla ya lakini.

Nikisema nililazimishwa nitakuwa mwongo. Rasimu ya kwanza niliandika yote. Afisa wa mradi akanipigia simu, kijana mwenzangu, mpole kabisa, akasema ndugu yangu hii ni nzuri ila ni ndefu, na mfadhili anataka aone badiliko. Hakuniambia futa kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyejua cha kufuta. Kwa miaka mingi tumelalamika juu ya waandishi wanaopokea bahasha kwenye mikutano ya waheshimiwa, na mimi nimo katika walalamikaji wa sauti kubwa. Ile yangu haikuja kwenye bahasha, ilikuja kwa benki, na risiti nilisaini.

Sasa juzi nimekwenda tena, kwa nauli yangu, kufuatilia habari ya mashamba yaliyoliwa na tembo. Nikaingia duka moja karibu na stesheni kununua maji, nikainua macho. Kalenda. Ya ile asasi, mwaka umeshapita lakini picha nzuri haitupwi. Mwezi wa nane ni yule mama na ndoo yake, na chini yake maneno yangu matatu: Maji, tunashukuru, na jina la kijiji. Muuza duka akaniambia, huyo mbona yupo, anakaa pale nyuma ya mashine ya kusaga.

Nilikwenda. Alinitambua haraka kuliko nilivyotegemea. Hakugomba. Alinikaribisha kigoda, akaniuliza habari za Dar, akaniuliza kama nimeoa, akaagiza mjukuu alete maji (ya mtoni, nilionja). Kisha ndipo akasema, taratibu tu: "Mwanangu, ile kalenda mjukuu alinisomea. Mbona hukumalizia?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo siku zote hizi, ndiyo maana leo ninaandika kuhusu jambo ambalo kwa kawaida huandikwa na washauri elekezi kwa lugha inayolaza usingizi: kuwashirikisha wanaohudumiwa katika kupanga misaada na kuipima.

Kwanza hilo lenyewe tuna tatizo nalo la majina. Kwenye maandiko ya miradi wanaitwa "walengwa". Mlengwa ni mtu unayemlenga. Kwa mtu anayeishi mpakani mwa Selous, kulengwa ni habari ya bunduki.

Hebu nieleze dodoso lilivyofanya kazi siku ile ya 2022, maana nilikuwepo. Gari jeupe limesimama chini ya mti. Wadadisi wawili wamevaa fulana za mradi. Viongozi wa kijiji wapo, nao wameshakaribishwa soda. Mama anaulizwa: umeridhika na huduma ya maji? Ndiyo, kiasi, au hapana. Anatazama fulana, anatazama gari, anasema ndiyo. Anayefuata ndiyo. Anayefuata ndiyo. Jioni zile ndiyo zikawa asilimia, na baada ya wiki asilimia ikawa duara la rangi ya bluu kwenye ripoti.

Usiwacheke. Wewe ulipokwenda harusini Jumamosi, ukakuta pilau imeungua, mama mwenye shughuli akakuuliza mmekula vizuri? Ulimjibu nini? Na wewe ulikuwa umelipa mchango! Sembuse mtu ambaye hakutoa kitu, amepewa, na anajua kwamba kijiji cha jirani kilichosema hapana hakikurudiwa tena. Katika Kiswahili chetu "tunashukuru" ni mlango tu wa kuingilia. Habari yote iko baada ya lakini. Anayefunga daftari kabla ya lakini amesalimiwa, hajajibiwa.

Na kuna suala la majira. Tathmini ile ilifanyika mara tu baada ya masika, mto umejaa, kila mtu ana maji. Kwa nini wakati huo? Kwa sababu mwaka wa fedha wa mfadhili ulikuwa unakwisha mwezi wa sita. Kisima hupimwa kiangazi, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, mto ukiwa madimbwi. Hilo si wazo langu, aliniambia mama: "Wangerudi baada ya mvua mbili, wangeona wenyewe." Wizara ya Maji ilipozungukia nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010 kuhesabu vituo vya maji vijijini, zaidi ya theluthi moja vilikutwa havifanyi kazi. Kila kimoja kati ya hivyo, nina hakika, kilizinduliwa kwa ngoma na kikapigwa picha.

Wakati wa kurudi mjini basi lilisimama Matombo, abiria wakashuka kununua ndizi, na mimi nikabaki dirishani naitazama ile milima. Kama hujui kilichotokea pale, kaa vizuri.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Nia ilikuwa njema, na hili tuliseme wazi: udongo ulikuwa unamomonyoka, na maji ya Ruvu yanayotoka kule ndiyo yanayoihudumia Dar es Salaam mpaka leo. Mabwana shamba wakaamua dawa ni matuta ya ngazi. Waluguru wakatakiwa wachimbe matuta kwenye miteremko yao, siku kadhaa kila wiki, na asiyechimba anatozwa faini. Mafanikio yakawa yanahesabiwa kwa urefu wa matuta yaliyochimbwa.

Wenye mashamba walikuwa na lakini yao. Ile milima ina udongo mzuri juu tu, kidogo. Ukichimba ngazi unaufukia ule wenye rutuba na kuuinua ule mfu wa chini, na mahindi hayaoti. Tena ardhi ya Uluguru ni ya ukoo, na ukoo ni wa upande wa mama. Mtu akilima kipande kwa idhini ya ukoo, halafu akalazimishwa kukichimba ngazi za kudumu, kipande kinakuwa cha nani? Hakuna aliyeuliza. Lakini hiyo ikakaa miaka mitano bila mahali pa kwenda, na Julai 1955 ikatokea pale Matombo kwa namna ya umati wenye hasira. Polisi wakapiga risasi. Mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Kinachonisumbua ni kwamba upande wa pili wa milima hiyohiyo, Mgeta, matuta yalipokelewa vizuri zaidi. Wale walikuwa wanalima mboga za kuuza, wana mbolea, tuta lilikuwa linawalipa. Kumbe tuta lenyewe halikuwa adui! Ni teknolojia ileile, mlima uleule, na kama mtu angekaa na wakulima wa Matombo na wa Mgeta akasikiliza mpaka mwisho wa sentensi, angejua wapi lichimbwe na wapi lisichimbwe. Gari la kuchimbia lingefika mwembeni.

Wapo waliojaribu kusikiliza, na wengine walianzia hapahapa kwetu. Kati ya 1975 na 1979 kulikuwa na mradi wa utafiti ulioitwa Jipemoyo, magharibi mwa Bagamoyo, wa wizara ya utamaduni ya Tanzania pamoja na Akademia ya Finland. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Marja-Liisa Swantz, mwanamama wa Kifini ambaye kabla ya hapo alikuwa ameishi na Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960. Wazo lao, kwa wakati ule, lilionekana utovu wa adabu ya kitaaluma: mwanakijiji asiwe kitu kinachochunguzwa, awe mmoja wa wachunguzi. Leo vyuo vya Ulaya vinafundisha mambo hayo kwa ada kubwa, na kijana wa Chalinze hajui kwamba sehemu ya somo hilo ilitungwa karibu na kwao.

Wenye virusi vya UKIMWI nao walilidai jambo hilohilo kwa nguvu zaidi, kwa sababu wao walikuwa wanakufa huku wakijadiliwa. Desemba 1, 1994, serikali 42 zilikutana Paris zikatia saini kwamba watu wanaoishi na virusi washirikishwe kikamilifu katika mapambano. Ukienda kliniki leo ukakutana na mshauri anayekuambia "na mimi natumia dawa hizi mwaka wa kumi", ujue hayo hayakuangushwa na mbingu. Kuna watu waligoma kuwa walengwa.

Sasa nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Kuna kitu kinaitwa kadi ya alama ya jamii, kilianzia kwa CARE nchini Malawi mwaka 2002 na sasa kimeenea mpaka kwetu. Watumiaji wa zahanati wanakaa peke yao, wanataja mambo yanayowagusa, wanayapa alama. Wahudumu nao wanakaa kwao, wanajipa alama. Halafu pande mbili zinakutana, na hapo ndipo utamu ulipo, maana muuguzi aliyejipa nane kwa lugha nzuri anakuta kina mama wamempa mbili. Uganda walijaribu mpango unaofanana na huo kwenye vituo 50 vya afya katika wilaya tisa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukaonyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimepungua kwa takriban theluthi moja. Dunia ikashangilia. Baadaye watafiti wengine wakarudia Uganda hiyohiyo kwa ukubwa zaidi, vituo zaidi ya 370. Safari hii vifo havikusogea kiasi cha kuonekana.

Nilipoyasoma hayo nilinywea. Lakini nikakumbuka zahanati moja niliyowahi kuripoti, ambapo wananchi walitoa alama zao vizuri kabisa, muuguzi akakubali makosa, wakapeana mikono, na kabati la dawa likabaki tupu kama lilivyokuwa. Yule muuguzi hana ufunguo wa bohari. Mnaweza kuongea mpaka jua lizame, kama aliyeshika fedha hayupo kwenye mkeka, mnafarijiana tu.

Na Kisaki wanalijua hilo kwa namna yao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Wajerumani walipoanza kuisaidia serikali kuinusuru Selous, vijiji vya Ukutu vimekuwa vikiambiwa kwamba wanyama ni wao pia. Ikaundwa jumuiya, JUKUMU, vijiji vikapata mgao wa kuwinda kwa ajili ya nyama. Sera ya Wanyamapori ya 1998 ikaandika kwamba jamii zitashiriki, na kanuni za maeneo ya jumuiya zikafuata mwaka 2002. Vikao vilikuwa vingi. Ila wanyama wangapi wawindwe, hilo lilibaki kuamuliwa na mkurugenzi. Mzee mmoja pale stesheni aliniambia kwa kicheko: "Sisi tunashirikishwa tembo akishakula shamba. Wakati wa kugawa, tembo ni wa serikali."

Ndiyo maana nilimuuliza mama swali ambalo ningepaswa kumuuliza 2022. Ungekuwa wewe ndiye mkuu wa ule mradi, ungefanyaje? Nilitegemea aniambie habari za mwembe. Akafikiri, akasema: "Wangetuambia kwanza wana shilingi ngapi."

Shilingi ngapi! Tunawauliza watu wanataka nini kana kwamba hakuna bei, halafu tunashangaa orodha inakuja ndefu kama ya mtoto sikukuu. Ukimwambia mtu kiasi kilichopo, anaanza kuchagua, na kuchagua ndiko kufikiri. Huenda wangesema visima viwili badala ya vinne, lakini kimoja kiwe mwembeni na maji yapimwe chumvi kwanza. Huenda wangesema achana na kisima, tengenezeni barabara ya gari la kuchimbia. Huenda wangekosea pia. Kukosea kwa fedha yao kungekuwa na faida kuliko kukosewa.

Hata sheria haikatazi. Kila kijiji cha Tanzania kina mkutano mkuu, wa watu wazima wote, ambao unapaswa kukaa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi ya kijiji husomwa pale. Kanuni za mwaka 2018 nazo zinazitaka asasi zitangaze hadharani fedha zinazopokea na zinavyozitumia, kwa njia ambazo hata wanaohudumiwa wanazifikia. Kwa hiyo uwanja upo, wasikilizaji wapo, mti wenye kivuli upo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama pale na kusoma bajeti ya mradi kwa Kiswahili, mishahara na mafuta ya gari yakiwemo. Sijawahi kuiona siku hiyo, na nimezunguka wilaya nyingi.

Kuna walioonyesha kwamba kurudisha jibu hakuhitaji miujiza. Uwezo, walioanza kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia 2009 na 2010, walimpima mtoto nyumbani kwao na kumwambia mzazi matokeo palepale, kabla hawajaondoka kibarazani. Mzazi hakusubiri uzinduzi wa ripoti hotelini. Na wale wa GiveDirectly, wanaogawa fedha taslimu, mwaka 2015 walikwenda Homa Bay huko Kenya na karibu nusu ya kaya zikakataa. Kukataa fedha! Wengine waliamini ni za mashetani. Asasi nyingine ingeficha. Wao waliandika hadharani kwamba tumekataliwa. Kwangu mimi ile hapana ya Homa Bay ni tathmini halisi kuliko ndiyo zote nilizozisikia chini ya ule mti.

Najua mtaniuliza: hao "wananchi" ni nani? Swali zuri. Kwenye ule mkutano wa kisima, wafugaji hawakuitwa, na ng'ombe wao ndio waliokuja kunywa kwenye kibirika wiki ya kwanza, ikawa ugomvi. Mkoa wa Morogoro hauhitaji kufundishwa ugomvi wa mkulima na mfugaji unavyoweza kufika, baada ya yaliyotokea Rudewa Mbuyuni, Kilosa, Desemba 2000. Aidha walioandikwa "wakuu wa kaya" walikuwa wanaume, katika nchi ya Wakutu na Waluguru ambako ardhi hufuata ukoo wa mama, na katika kazi ya maji ambayo mwanaume huikumbuka akitaka kuoga. Mwanaume anakubali mahali pa kisima asichokwenda kuchota.

Na mikutano ina gharama. Mama aliniambia mwaka ule walishirikishwa mara sita, tatu zikiwa wakati wa palizi. Mara sita! Maafisa walikuwa na posho ya siku, dereva alikuwa na posho ya siku, mimi nilikuwa na posho ya siku. Yeye alipata soda. Tukimwita mtu siku nzima atupe maarifa yake, hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Tena mara sita hazikuzaa badiliko hata moja la mahali pa kisima. Ningekuwa mimi, mara ya nne ningewatumia mtoto akawaambie bibi amesafiri.

Nimemwandikia yule afisa wa mradi, ambaye siku hizi yuko asasi nyingine. Nilimtumia maneno yote ya mama, pamoja na sauti yenyewe. Alijibu usiku. Alisema anamkumbuka, na kwamba katika fomu ya mradi kulikuwa na sehemu ya "changamoto", mistari mitatu, naye aliandika chumvi. Mstari wa tembo haukutosha. Nimecheka, halafu sikucheka. Ile asasi yenyewe nimeipelekea barua pepe mbili. Naendelea kusubiri.

Kabla ya kuyaweka haya hapa nilimpigia mjukuu wa mama, akaweka simu kwenye spika, nikasoma yote kuanzia mwanzo, kama dakika ishirini hivi. Nilimuuliza kama nitaje jina lake. Akasema hapana, kalenda inatosha. Sehemu ya Matombo alisikiliza kimya, kisha akasema baba yake alikuwa akiisimulia. Halafu akanisahihisha mambo mawili. La kwanza, nilikuwa nimeandika ndoo tatu. "Si tatu, ni mbili. Tatu nilikuwa nabeba zamani, kabla ya mgongo." La pili, nilikuwa nimemsema vibaya mwenyekiti wa kijiji kwa ile soda. Akasema nimwache, yeye naye hakuulizwa.

Ndoo nimezirekebisha. Mwenyekiti nimemtoa, mistari miwili.